Kwa mdogo wangu mchoraji: kabla hujaiacha migomba, mjue Sam Ntiro

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia unataka kuacha kuchora vihamba vya nyumbani, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kwa sababu wanunuzi wanapenda twiga na jua linalozama. Naomba kwanza umjue Sam Ntiro. Ni mchoraji wa mlima wetu, Kilimanjaro, na inaniuma kwamba vijana wengi wa rika lako hawajawahi hata kumsikia.

Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Mwalimu huyo alikuwa akiwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha anawaacha wachore walichokiona kichwani. Nadhani nguvu ya Ntiro ilitoka hapo. Miaka ya 1950 alikwenda kusoma Slade, shule ya sanaa ya London, lakini Uchagani hakukumtoka: watu shambani, mizigo njiani, miti imewafunika.

Tazama mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mgeni ataona msafara gizani. Sisi tunajua ndizi zilivyochemshwa zikaachwa zichachuke, kimea cha ulezi kikatiwa, na kwamba bila mbege, ndiyo pombe hiyo, wazee hawafungui mdomo kuzungumza mahari. Mwaka 1960 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, liliununua. Shughuli ya arusi ya Kichagga, bila twiga hata mmoja!

Na mlima wenyewe? Wengi wakichora Kilimanjaro huchora kilele cha Kibo na theluji, kama anavyoiona abiria wa ndege. Anayeishi kihambani huiona asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Muda uliobaki ana migomba, kahawa na mteremko. Ntiro alichora akiwa humo ndani.

Unaogopa pia kwamba ukiajiriwa sanaa itakufa. Yeye alifundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wake wa kwanza London. Baadaye alisimamia utamaduni serikalini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993, na bado tunamwita mchoraji.

Desemba tukipanda nyumbani, kaa na bibi anapopika mbege. Mtazame tangu ndizi zinapoingia chunguni, usishike penseli. Chora ukisharudi mjini, kwa kumbukumbu tu. Mchoro huo nitaununua mimi.

Dada yako