Kwani huko cherehani zinakaa maktaba?

Mbukwa shoga yangu! Najua hapo umeshacheka, maana enzi zako hapa ukisalimiwa Kigogo ulikuwa unajibu "poa" unapita zako, sasa uko ugenini ndo utaitamani.

Sisi wazima. Upepo wa mwezi wa saba mwaka huu umetuonea kweli, vumbi linaingia mpaka ndani ya bobini, nashona nasafisha nashona nasafisha, lakini mkono unaenda kinywani. Mama yako nilimuona Jumapili pale soko la Majengo hapa Dodoma ananunua mlenda mkavu, analalamika hupigi simu, na usisingizie masaa maana ulishaniambia mwenyewe kwamba wakati huu wa joto saa za Helsinki na za kwetu ni sawasawa.

Haya, hizo picha ulizonitumia za huko Helsinki. Ya kwanza nilijua umesafiri tena upo uwanja wa ndege, baba watoto akaichukua simu akaitazamaaa akasema hapana hii ni meli, imepanda nchi kavu. Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa ndo nikasoma ulichoandika chini, eti maktaba. Maktaba gani ina umbo la wimbi namna hiyo jamani, mbao nje, vioo juu, na watu wamelala chali kwenye mazulia hakuna anayewafukuza! Alafu unaniambia jina lenyewe Oodi maana yake ni utenzi wa kusifu kitu, nkasema sawa, hao wanajua kutoa majina.

Lakini picha iliyoniua ni ya tisa. Unajua ipi. Ile ya cherehani.

Nimeivuta ile picha mpaka imekuwa madoamadoa. Ghorofa ya pili ya maktaba, cherehani za umeme zimepangwa mezani, na ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, ipo, na mdada kakaa anapinda pazia lake hana habari, na unasema hakulipa hata senti, kaweka nafasi yake kaja kashona kaondoka. Shoga, mimi nina miaka kumi na moja kwenye hii kazi, ovaloki yangu nimeilipia kwa mchezo miezi minane nikala ugali na chumvi, wewe unaniambia kuna mji ovaloki ni ya watu wote kama kisima? Sasa nijibu vizuri usiruke swali: sindano ikikatika nani ananunua? Uzi wanakupa au unakuja nao? Mtu akiingiza jinsi nzito kwenye mashine ya kitambaa laini akaua mota, anakamatwa au wanamwambia pole? Na kuna mtu wa kumfundisha asiyejua, au ni wewe na Mungu wako?

Mengine uliyoniandikia nimeyasoma pia usidhani nimekwama kwenye cherehani tu (nimekwama). Hiyo ya kwamba vitabu vipo juu kabisa, karibu laki moja, na vimechukua kama theluthi tu ya jengo, chini kote ni mambo ya watu, sinema, studio za muziki, jiko, zile mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Na roboti zinapandisha vitabu juu, hapo nimecheka, hapa roboti ni mtoto wa dada yangu, nikimtuma ananiuliza "mimi peke yangu?" Na kwamba imekula karibu yuro milioni 98, nimejaribu kuibadilisha kwa shilingi kwenye simu tarakimu zikawa nyingi nikaacha, sio hela za kuziangalia usiku.

Ila kuna kitu umekiandika kwa kupita tu mimi kikanikaa. Umesema ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa siku yao ya uhuru, kwamba ilikuwa zawadi ya nchi kutimiza miaka mia. Sasa na sisi ile Maktaba Kuu ya Dar pale Bibi Titi, Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Siku ya uhuru! Yaani nchi mbili hazijuani, moja ya theluji moja ya jua, zote zikafikiria uhuru zikaona tuwape watu maktaba. Kwa hiyo usije ukarudi huku na ile tabia ya kusema "wenzetu wenzetu", wazo tulikuwa nalo, tena mapema. Tatizo ni kwamba sisi tulilifunga na kitasa tukaambiana shhh.

Ngoja nikupe kisa. Mwezi wa tano nilienda maktaba moja, siitaji wala usiniulize ya wapi, nilitaka kitabu cha kunielekeza kukata kola ya shati la kiume, ile ya kusimama, maana mteja wa wizarani kaniletea shati la kuigiza na mimi kola hizo huwa nabahatisha. Nafika mlangoni mlinzi ananiangalia, kanga begani, futi shingoni nimesahau kuivua, ananiuliza kwa heshima kabisa, "Mama, unamsindikiza nani?" Nkamwambia nimejisindikiza. Akaniruhusu, mkoba nikaacha kwake. Ndani pazuri, pametulia, feni inazunguka, wanafunzi kila mmoja na pasti pepa zake kama kanisani. Mkutubi alihangaika na mimi kwa moyo wote, mstaarabu yule dada, tukakipata kitabu kimoja cha ushonaji, kifungue sasa, kurasa za michoro zimechanwa. Maelezo yapo, "kata kama inavyoonekana kwenye mchoro," mchoro hamna! Tukaangaliana na mkutubi tukaanza kucheka, mzee mmoja akatugeukia na jicho. Simu yangu chaji imeisha, soketi zimezibwa na vibao. Nikatoka. Kola nikaja kujifunza kwa kufumua shati la mteja mwenyewe, usimwambie mtu.

Sikumlaumu mlinzi. Kwetu maktaba ni ya anayesubiri mtihani, mtihani ukiisha na maktaba imeisha. Mimi na wewe si tulikuwa hivohivo, form six tunawahi asubuhi kugombania kiti cha dirishani, tukamaliza pepa ya mwisho hatukukanyaga tena.

Alafu kuna hili la kikundi. Tuko wanawake saba, tunataka ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, si unajua mgawo wake, 4 wanawake 4 vijana 2 watu wenye ulemavu. Walikuwa wameisimamisha 2023 ikarudi. Siku hizi kila kitu kinaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni, kwa hiyo sisi saba tunaenda steshenari, kijana anatuandikia, anatutoza kwa ukurasa, skani hela, kuprinti hela, kukosea hela. Paswedi ya kikundi anayo yeye! Juzi alienda kwao Kondoa msibani, wiki nzima kikundi chetu kilikuwa Kondoa. Sasa nikiangalia ile picha yako ya bibi kakaa na kompyuta ya maktaba na kijana wa maktaba kainama anamuonesha pa kubonyeza, bure, mwenzio roho iliuma kuliko hata kwenye cherehani.

Na kibandani kwangu usiniambie kitu. Lile benchi la wateja unalikumbuka? Kuanzia saa kumi na moja mteja hapati pa kukaa. Ilianza na binti mmoja wa form two, kwao luku imeisha, akaniomba amalizie hesabu kwenye taa yangu, nkamwambia kaa mwaya. Kesho kaja na mwenzake. Sasa hivi wapo sita, siku nyingine nane, wengine wamekaa kwenye ndoo. Mmoja anawasomea wenzie kwa sauti, ovaloki ikianza kunguruma anakaa kimya na kidole kakiacha kwenye mstari, nikiinua mguu anaendelea palepale, hata mimi sasa najua habari za osmosis. Juzi wakakosa karatasi, mmoja akachukua chaki yangu ya kukatia akawaandikia wenzie fomula kwenye kitambaa cha sare ya mtu, meta mbili za bluu, na ni ile chaki ya nta haifutiki kwa mkono! Nilipiga kelele jirani wakatoka. Nikaipiga pasi ya mkaa kipande kwa kipande ikatoka, ila kwenye mkono wa kushoto ukiangalia juani bado kuna x. Mteja alikuja, akaangalia, akauliza hii nini, nkamwambia alama ya fundi.

Vitabu navyo vimeanza kuja vyenyewe. Mama mmoja anahama kaniachia katoni, mwingine kaleta magazeti ya zamani, nimevipanga pale chini ya vitambaa. Mtu anakuja kupunguza suruali anaondoka na kitabu, namwandika kwenye daftari la madeni, "Mama wa kona, elfu tatu na kitabu kimoja."

Kwa hiyo nimepata wazimu. Pale ofisi ya mtaa kuna chumba cha nyuma kinakaa viti vya misiba na maturubai, kina dirisha zuri na umeme upo. Nimemfuata mwenyekiti, kasema lilete kwenye mkutano wa mtaa tusikie watu, ila yeye binafsi anaona watu watauliza viti vya misiba vitakaa wapi. Swali la maana hilo, na sina jibu. Cherehani yangu ya zamani ya miguu naitoa, ile Butterfly, haihitaji hata umeme. Nani alijua itakuja kukaa maktaba.

Umesema hiyo ya huko inatazamana na Bunge lao, na baraza la juu limepangwa liwe usawa mmoja na ngazi za Bunge, mwananchi akisimama pale anamwangalia mbunge macho kwa macho. Huku Bunge likikaa tunachojua ni gesti zimejaa na bodaboda kapandisha. Mimi sitaki kuangaliana na mtu, nataka soketi nne na meza.

Basi fanya hivi, ukienda tena usipige picha ya paa, paa nimeliona. Muulize mkutubi wa zile cherehani: mtu mmoja anapewa masaa mangapi, anajiandikisha kwenye daftari au kwenye simu, na aliyeharibu wanamfanyaje. Mkutano ni tarehe 23, nataka niende na majibu sio na picha, wazee wa huku ukiwaonesha picha ya Ulaya wanaanza kupiga miayo.

Gauni la mama yako tayari toka juzi. Zipu aliyoninunulia fupi, mwambie alete ya inchi ishirini na mbili ndo achukue.

Wako,
Fundi wa Chang'ombe