Usiichomeke Kwanza: Kuhusu Bei Yetu ya Kufufua Amplifaya za Valvu

“Valvu zote zinawaka, nimeziona kwa macho yangu. Sasa pesa zote hizi ni za nini?” Lalamiko hili halituishi, na juzi limetolewa na mteja aliyeamini kabisa kwamba tumemlia pesa zake. Tumeona tulijibu hapa, maana wengi wenu mnalo hilo swali hata kama hamlisemi.

Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya. Kuwaka kwake maana yake ni kwamba uzi wa ndani unaoipasha moto haujakatika. Basi. Amplifaya nyingi tunazoletewa hapa Mombasa ni za Uingereza, chapa za Leak na Quad za miaka ya 1950 na 1960, zilizobaki majumbani pamoja na santuri za taarabu za wazee. Mara nyingi valvu zake ni nzima. Kinachooza ni kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, hasa zile za karatasi zilizozibwa kwa nta. Zinanyonya unyevu, na unyevu wa pwani mnaujua.

Kati ya ile valvu ndogo, ECC83, na ile ya nguvu, tuseme EL84, kuna kapasita inayopitisha sauti na kuzuia volti za DC, yaani umeme usiobadili mwelekeo. Ikianza kuvuja, hata kidogo tu, valvu ya nguvu inavuta mkondo kupita kiasi mpaka bati lake la ndani linaiva jekundu. Ukiiacha hivyo, transfoma ya spika, inayopeleka sauti kutoka kwenye valvu hadi spika, nayo inaungua.

Kijana mmoja aliagiza EL84 nne mpya kutoka nje, seti iliyolinganishwa, akazichomeka mwenyewe kwenye Leak Stereo 20 ya babu yake. Ikapiga vizuri jioni ile. Siku chache baadaye alituletea valvu mbili zilizokufa na transfoma iliyokatika ndani. Kapasita iliyosababisha yote hayo haifikii hata nauli yake ya kuja kwetu. Transfoma ilibidi isukwe upya, tabaka la waya mwembamba, karatasi, tabaka la waya mnene, karatasi, huku mizunguko ikihesabiwa. Alilipa zaidi ya bei ya matengenezo kamili aliyoikwepa.

Njia ya mkato inayotuumiza roho zaidi ni ile ya “kuijaribu tu.” Amplifaya imelala stoo miaka ishirini, inafutwa vumbi, inachomekwa moja kwa moja kwenye volti 240. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zina utando mwembamba sana wa oksidi unaodhoofika zikikaa bila kazi. Ukizipa volti zote kwa mpigo, zinachemka na fyuzi inakatika. Hapo ndipo mtu anafunga fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Mzee mmoja alituletea yake ikinuka lami iliyoyeyuka. Ile lami ilikuwa ndani ya transfoma kuu, na fyuzi ilikatika mara ya kwanza ili kuiokoa.

Sisi hatuanzi na soketi ya ukutani. Kwanza tunapima kila rezista, kipuri kinachopunguza mkondo, kwa sababu za kaboni huongezeka ukinzani kadiri zinavyozeeka. Kapasita zinazovuja tunazitoa. Kisha tunaiwasha kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa siriisi, yaani umeme unapita kwenye balbu kwanza; amplifaya ikiwa na shoti, balbu inang'aa na amplifaya inapona. Mwisho tunaiacha ipige kwa saa nyingi huku tukipima volti za valvu za nguvu. Kazi hiyo haionekani kwa macho, lakini ndiyo mnayoilipia. Vipuri tulivyotoa tunawarudishia kwenye mfuko, mvione.

Tunaulizwa pia kwa nini fundi wa jirani anachukua nusu. Hatutaki kumsema mtu. Tuliwahi kupokea redio iliyowekewa kapasita ya mikrofaradi 220 ili “isingurume,” wakati valvu yake ya kunyoosha umeme kuwa DC, EZ81, mwisho wake ni 50. Mwenyewe alikuwa ameshanunua EZ81 mara kadhaa, kila moja ikiungua, akidhani anauziwa feki.

Kwa hiyo, ukiwa na amplifaya ya valvu nyumbani, ilete kama ilivyo, bila kuiwasha. Usiifungue pia, kwani kapasita zinaweza kushika volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa umeme. Usiipigishe kamwe bila spika, kwani transfoma ya spika inaweza kupasuka insulesheni yake. Kama imetoka Marekani, tuambie mapema, kwa sababu zilizotengenezwa kwa volti 117 na hezi 60 zinahitaji stepudauni, yaani transfoma ya kushusha volti, na kwenye hezi 50 za kwetu transfoma zake hupata joto zaidi. Njoo pia na spika zako, au angalau tuandikie omu (Ω) zilizoandikwa nyuma yake. Makadirio ya bei tunayatoa kwa maandishi baada ya kupima, na hatugusi kitu kabla hujakubali.