Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mizani Kabla ya Ramani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imepitia upya mwongozo wetu wa kupanga matumizi ya malighafi na kupunguza taka katika ngazi ya kanda. Badiliko kubwa ni moja: sura ya vipimo sasa inatangulia sura ya vituo vya taka. Mipango mingi huanza na ramani ya dampo jipya, takwimu zikatafutwa baadaye za kuitetea.

Mizani ya langoni huonyesha kilichofika dampo tu. Hesabu ya kanda ianzie mbali zaidi: tani za malighafi na bidhaa zilizoingia au kuzalishwa, zilizouzwa nje, zilizobaki ndani ya majengo na mitambo, na zilizogeuka taka. Kilichoingia au kuzalishwa kikikataa kulingana na jumla ya hayo mengine, mara nyingi kuna taka inayochomwa au kutupwa mabondeni bila kuandikwa popote.

Kujua taka ina nini, mwaga shehena ya lori sakafuni, changanya, gawa mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, rudia mpaka zibaki takribani kilo 100, ndipo uchambue. Fanya hivyo wiki nzima, wakati wa mvua na wa kiangazi. Karatasi iliyolowa huwa nzito zaidi kwa sababu ya maji, kwa hiyo sampuli ya siku moja ya mvua hudanganya kuliko kutokuwa na sampuli kabisa.

Kipimo cha mafanikio ndicho kilichotugombanisha zaidi. Asilimia ya urejelezaji, yaani sehemu ya taka inayogeuzwa malighafi tena, hupendwa, lakini chukua mfano: kanda yazalisha tani 1,000 na kurejeleza 300, yaani asilimia 30. Baadaye yazalisha 1,400 na kurejeleza 490, asilimia 35. Watu watapigiana makofi, ilhali zinazozikwa zimetoka 700 hadi 910. Mwongozo sasa unataka kilo za taka iliyozikwa au kuchomwa kwa kila mkazi kwa mwaka, asilimia ifuate nyuma.

Taka zinazooza zitenganishwe majumbani na sokoni, kabla ya lori. Zikichanganyika huharibu karatasi, na zikizikwa bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto takribani mara 28 ya kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Biwi la mboji lianze na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, kisha lishike nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara tano. Vituo hufungwa kwa sababu ya harufu, na harufu ni dalili ya biwi lililolowa mno au kurundikwa juu mno hadi hewa haipiti. Vipande vya vioo navyo, vikishasagika ndani ya mboji, havitoki kwa chekecheo lolote la bei nafuu.

Katika kutenganisha aina za plastiki, maji husaidia nusu tu: polietilini na polipropilini huelea, PET (plastiki ya chupa za maji na soda) na PVC (plastiki ya mabomba) zote huzama. PVC kidogo ikiingia kwenye PET inayoyeyushwa huungua, hutoa asidi na kuigeuza rangi ya njano. Ndiyo maana wilaya ndogo zishirikiane mtambo mmoja mzuri wa kuchambua, na kila moja iwe na mashine ya kufunga marobota. Lori la chupa zisizobanwa husafirisha hewa.

Kifungu cha mikataba bado hakijapita. Mkandarasi anayelipwa kwa kila tani anayofikisha dampo hana sababu ya kutaka tani zipungue. Pendekezo la kamati ni malipo ya kudumu kwa eneo linalohudumiwa, na nyongeza kwa kila tani safi iliyotenganishwa. Wanaopinga wanasema malipo ya kudumu humfanya mkandarasi aruke mitaa, na hoja yao ina uzito. Rasimu imeongeza ukaguzi wa ghafla wa njia za magari. Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu.