Bibi akisema anasahau, msimcheke

Assalaam aleikum wanangu na wajukuu zangu wa Unguja na Pemba, na nyie mlioko Oman mnaowapigia wazee simu kila Ijumaa.

Mie nishapita sabini, pensheni jamii naichukua, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi miaka mingi. Leo nina jambo moja tu. Mtu mzima akikwambia mwenyewe "mwanangu siku hizi nasahau mno", usimjibu "aah bi mkubwa uzee huo" halafu ukarudi kwenye simu yako.

Mana najua mnavyofanya. Bibi kasimama anasali Isha, katikati anasita, hajui hii rakaa ya pili au ya tatu, akishatoa salamu anamuuliza mjukuu aliyekaa pembeni "nimesali ngapi mie?" na mjukuu huyo huyo anakwenda kuisimulia maskani watu wanavunjika mbavu. Kumbe yule bibi kashahisi kitu ambacho nyie hamjakiona bado, na pengine hata daktari hajakiona.

Mwaka 2006 watafiti wa chuo cha Dartmouth kule Marekani, akiwemo Andrew Saykin, walitoa majibu ya watu waliopita miaka 60 waliopigwa MRI ya kichwa, ile picha ya mashine inayoonyesha ubongo ndani. 40 walikuwa wanalalamika wanasahau lakini wakipewa mitihani ya kumbukumbu wanapasi vizuri tu, 40 kusahau kwao kunaonekana mpaka kwenye mitihani, na 40 wazima hawana malalamiko. Wale waliopasi, ukiwalinganisha na wazima, ile sehemu ya kijivu ya ubongo, pale panapohusika na kumbukumbu, ishapungua kama asilimia 3, na waliofeli asilimia 4. Yani wamekaribiana hivyo! Na palipopungua ni pamoja na hipokampasi, kule ndani usawa wa masikio, ambako mambo mapya yanawekwa yasipotee.

Mie halinishangazi hili. Mwalimu mstaafu wa skuli au karani wa zamani anajua kujiziba, anaandika kila kitu kwenye kidaftari, jina likimpotea anakuita "mwanangu" mambo yanakwenda, mtihani wa dakika kumi atakupasia. Ila mwenyewe anajua jana si kama leo.

Sasa msije mkaanza kulia na kumzika mtu yuhai. Si kila anayelalamika anapata alzaima, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo, wengi wanabaki hivyo hivyo tu, na ubongo wa kila mzee unapungua kidogo kwa umri. Na wala msikimbilie kusema karogwa, nakuombeni sana, mana hapo ndo miezi inapotea kwa waganga na presha iko juu hakuna aliyeipima.

Anzeni na presha na sukari. Muulizeni kama analala, kama ana huzuni, mana aliyefiwa na mume akawa hasemi na mtu naye anasahau. Mtu wa sukari aliyekula metfomini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na hiyo inaharibu kumbukumbu lakini ina dawa. Na masikio jamani, jopo la Lancet, jarida la madaktari, mwaka 2024 limetaja kutosikia miongoni mwa mambo 14 yanayochangia maradhi ya kusahau uzeeni, mzee asiyesikia anajitenga barazani, mnadhani kanuna.

Kinachotaka haraka ni yule anayepotea njia ya nyumbani kwake, au aliyepika mkate wa kumimina maisha yake yote na leo kasimama mbele ya unga hajui pa kuanzia. Na akibadilika ghafla kwa siku moja mbili tu, hiyo msingoje hata asubuhi, huenda ni maambukizi au kiharusi.

Mkimpeleka spitali aende na mtu anayekaa nae, si yule aliyekuja jana kutoka Dar. Na dawa zake zote zitieni mfukoni mwende nazo, za mitishamba na zile piritoni anazokunywa kila usiku apate usingizi, mana hizo nazo zinasahaulisha.