Mwacheni mtoto aulize

Wazazi wenzangu wa Nakuru, na ninyi wazee tunaoketi benchi moja kanisani,

Juzi nilimwona kijana wa jirani yangu akirudi kutoka Menengai. Siku tatu alifungishwa kule kwenye mapango ya maombi, bila chakula, na umri wake ni miaka 17. Hakuiba wala hakulewa. Dada yake aliugua, kanisa zima likafunga na kukesha, msichana akafa. Kisha mhubiri akasema madhabahuni kwamba imani ilipungua. Kijana akafika nyumbani akauliza, "Imani ya nani?" Mama akalia, wajomba wakaitwa, ikaamuliwa kwamba ana pepo.

Sasa anaitikia "Amina" kwa kila jambo, na mnamshukuru Mungu kwamba amefunguliwa. Nimemtazama machoni, ndugu zangu. Mmemnyamazisha tu.

Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa 31 huu. Mke wangu alipofariki nilikaa karibu miaka miwili nikihesabu sadaka na kusoma neno mbele ya watu, na moyoni siamini hata mstari mmoja. Sikumwambia mtu. Niliwaogopa ninyi kuliko nilivyomwogopa Mungu. Aliyenikuta katika hali hiyo alikuwa fundi baiskeli wa Bondeni, Mwislamu. Jioni baada ya jioni aliketi nami barazani, tukanywa chai, asiniulize kama nimeomba. Imani yangu ilirudi polepole, na sidhani ingerudi kwa kukemewa.

Mnasema shaka ni dhambi. Tomaso alikataa kusadiki mpaka aguse makovu, na Yesu akamwonyesha mikono yake. Yule baba wa Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa hivyo hivyo. Yuda naye, katika waraka wake, ameandika wazi: "Wahurumieni wengine walio na shaka." Nimekaa kanisani tangu utoto, na mstari huo sijausikia ukihubiriwa hata mara moja. Ya zaka huhubiriwa kila mwezi.

Mwaka 2023 tulilia sote miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, watoto wakiwemo. Tukamlaani mhubiri, tukarudi majumbani kuwafundisha wetu kwamba kuuliza ni kuasi. Najiuliza ni wangapi kati ya watoto wale waliwahi kuruhusiwa kusema "kwa nini".

Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake. Ni aibu sheria kuwa na huruma kutushinda sisi tuliobatizwa.

Basi nawasihi: msimnyime mtoto chakula kwa ajili ya swali. Msimtaje madhabahuni. Msimtishe kwa karo. Na mhubiri akiwaambia wafu wetu walikosa imani, simameni mbele ya watu mumkanushe. Mimi Jumapili ile nilikaa kimya, na bado inaniuma.

Nawe mjukuu wangu, najua utasoma. Sina jibu la kwa nini dada yako alikufa. Alinijia kila Krismasi kuniimbia mlangoni, nami nammiss. Jumamosi mchana huwa nipo nyumbani. Njoo tunywe chai, unisimulie habari zake.