Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Bustani Mpya ya Mtaa

Ndugu wanachama,

Bustani yetu imetimiza mwaka, na swali lililorudi katika kila mkutano ni kwa nini baadhi ya mimea ilichanua kabla ya mingine, na mingine haikuchanua kabisa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mimea inayotambua msimu kwa urefu wa siku huku ina kidogo sana cha kusoma. Kinachoiongoza zaidi ni maji: yamekuja lini, yamekatika lini, na udongo umeyashika muda gani.

Tuanze na udongo. Wetu ni ule mweusi unaonata, mnaoujua wote mliowahi kukanyaga Embakasi wakati wa mvua. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na nyufa zake hukata mizizi. Ndiyo sababu Januari na Februari zilikwisha kwa kuinua matuta ya kimo cha sentimita 30 na upana wa mita 1.2, ili mtu afikie katikati bila kukanyaga ndani. Kila mita ya mraba ilipata ndoo mbili za lita 20 za samadi ya ng'ombe iliyooza. Samadi iliyo tayari haina harufu kali, wala haina joto ukiitia mkono. Mbichi huunguza mizizi. Pendekezo la kuongeza mchanga lilikataliwa, na ninausimamia uamuzi huo: mchanga kidogo ndani ya udongo wa mfinyanzi hukauka ukawa kama tofali.

Uzito wa udongo huo huo ndio ulioua waridi za upande wa chini. Shimo lenye kina likichimbwa katika udongo mzito na kujazwa udongo laini, maji ya masika huteremka humo yakakosa pa kutokea, na mizizi huoza. Majani huanza kuwa manjano, mtu akadhani mmea una kiu, akauongezea maji. Waridi zilizopandwa juu ya vichuguu vilivyoinuliwa ziko hai zote.

Zinia na kosmosi zilipandwa kwa mbegu katikati ya Aprili, kina cha nusu sentimita, zikafunikwa kwa mboji iliyochekechwa kwa sababu udongo wetu hufanya gamba gumu ambalo mche mchanga hauwezi kulitoboa. Zilichanua Juni. Kisha baridi na mawingu ya Julai vikaleta ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani. Ugonjwa huu hauhitaji majani yaliyolowa. Hewa yenye unyevu na mimea iliyosongamana vinautosha. Palipoachwa sentimita 30 kati ya mche na mche uliingia kwa kuchelewa. Majani yaliyoshikwa yakatwe yatolewe bustanini, na maji yamwagwe shinani asubuhi. Katika miezi hiyo ya kijivu, mishubiri pekee ndiyo iliyotupa rangi ya kutosha, na ndege chozi hawakubanduka hapo.

Sasa bogenvilia, ambayo imenifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja. Ile ya langoni, isiyopata maji isipokuwa ya mvua, ilifunikwa na rangi wakati wa kiangazi. Ile ya karibu na tangi ina majani mengi ya kijani, maua hakuna. Ni aina moja, siku moja ya kupanda. Bomba linalovuja pale tangini linaiambia kila siku kwamba masika hayajaisha. Bogenvilia ikishashika mizizi, ikaushwe hadi majani yaanze kulegea kidogo, ndipo imwagiwe. Samadi nyingi nayo huipeleka kwenye majani. Ipogolewe mara tu rangi inapopukutika, kwa kuwa maua huja kwenye matawi mapya.

Waridi zilizosalia zilipogolewa mwisho wa Agosti, juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, mkato wa mshazari. Huchukua wiki sita hadi nane kuchanua, hivyo tulizipata Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaharibu petali. Wakati huo jakaranda za mjini zilikuwa zimechanua, na wengi wakauliza kuhusu zetu. Mjakaranda uliotokana na mbegu huweza kukaa miaka saba au zaidi bila ua. Tuvumilie.

Januari hii utitiri mwekundu umeonekana kwenye waridi. Nyunyizeni maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, kwani hupenda vumbi na ukavu. Matandazo ya kufunika udongo yawe ya sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina.

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Kamati inaomba idhini ya kuziba bomba la tangini na kuchimba mfereji wa kutoa maji upande wa chini, kazi zote mbili ziishe kabla ya masika.

Mbegu za zinia na kosmosi zilizovunwa zimekaushwa na kila nyumba itapata kijiko kimoja. Rangi zinaweza zisifanane na za mwaka huu. Msizipande kwa wingu la kwanza. Ngojeni hadi udongo ulowe kina cha kidole kizima.