Mhariri, miezi sita ya kudai VAT haitoshi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako nizungumzie muda mfupi tunaopewa kudai VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, jambo ambalo limeniuma na najua halijaniuma mimi peke yangu, maana nikiongea na wenzangu wa hii biashara karibu kila mmoja ana yake ya kusimulia.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Kisauni, nimejiandikisha VAT vile sheria inasema kwa mtu anayeuza kuanzia milioni tano kwa mwaka. Agosti mwaka jana nilichukua mabati na simiti kwa saplaya mmoja, mzigo wa shilingi 580,000, ndani yake VAT ni 80,000. Pesa nikalipa siku ileile, lori likaja, nikapewa karatasi ya delivari na ahadi kwamba invoisi inakuja. Mara karani wa hesabu ameondoka, mara mtambo uko chini, mara mkubwa amesafiri, nimepiga simu mpaka nikaona haya. Invoisi ilikuja Aprili.

Kufikia hapo mzigo ule nilikuwa nimeshauuza zamani, kwa 638,000. Sasa nisikilize vizuri. VAT ya mauzo yale ni 88,000, na kama ningekuwa na invoisi mkononi ningetoa ile 80,000 niliyomlipa saplaya halafu serikali nikaipelekea 8,000 iliyobaki, ndivyo hii kodi ilivyotengenezwa tangu ianze hapa Kenya mwaka 1990. Lakini bila invoisi nililipa 88,000 yote, na tarehe 20 ya kupeleka ritani, yaani hesabu za kodi za mwezi, haingojei mtu, ukichelewesha faini ni 10,000 au asilimia tano ya kodi, ile iliyo kubwa, na riba asilimia moja kila mwezi. Nikalipa nikijua nimezidisha, nikasema karatasi ikifika nitadai.

Mhasibu wangu akaniambia umechelewa mzee. Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 17, inakupa miezi sita tu baada ya kipindi ambacho saplaya alikuuzia mzigo, na kipindi chenyewe ni mwezi. Mzigo wa Agosti, mwisho wake ni Februari. Nikamwambia lakini invoisi nimeipata Aprili, akasema saa ilianza kuhesabu mzigo ulipotoka kwa saplaya, siku karatasi ilipofika haihusiani. Na sheria hiyohiyo inasema huruhusiwi kudai kabla hujashika hiyo karatasi! Yaani mlango umefungwa kwa ndani na kwa nje. Faida yangu kwa mzigo ule ilikuwa 50,000 na kodi niliyozidisha ni 80,000, kwa hivyo nimefanya kazi miezi, nimelipa vijana, nimelipa rent, na nimetoka na hasara ya 30,000 hata kabla sijahesabu hizo gharama.

Kinachoniuma zaidi ni upande wa pili. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka niweke karatasi zangu miaka mitano, na mamlaka ya ushuru inaweza kurudi nyuma miaka mitano kunidai kodi niliyopunja, na ikionekana nimekwepa makusudi inaweza kurudi nyuma bila mpaka wowote. Sina ugomvi na hilo, mtu akipunja alipe. Lakini pesa ikiwa ya serikali kosa linaishi miaka mitano, ikiwa yangu linakufa kwa miezi sita, kwa nini? Invoisi ni ileile, duka ni lilelile.

Najua jibu linalotolewa, kwamba kuna watu wanatengeneza invoisi hewa kudai pesa ambazo hawakulipa, na ni kweli, wapo, na wanatuharibia sisi wote. Ila siku hizi tuna eTIMS, mtambo wa mamlaka ya ushuru wa kutolea invoisi kwa kompyuta au simu. Invoisi ikitoka tu mamlaka inaiona, ina nambari yake, muuzaji anajulikana, mnunuzi anajulikana kwa PIN yake, nambari yake ya kodi. Anayetaka kujua kama ni hewa anaangalia kwenye kompyuta, iwe ni ya jana au ya miaka miwili iliyopita. Hiyo miezi sita iliwekwa wakati mambo mengi bado yalikuwa ya makaratasi, mbona haikuguswa wakati sisi tumelazimishwa kununua simu na kujifunza mitambo mipya?

Nimefuatilia kidogo wenzetu wanafanyaje. Uingereza leo mfanyabiashara ana miaka minne kudai VAT aliyozidisha au aliyosahau kutoa, na serikali nayo kwa makosa ya kawaida ina miaka minne kumfuata, ishirini ni kwa anayeficha kwa makusudi. Kipimo ni kimoja. Na hawakufika hapo kwa urahisi, Julai 1996 serikali yao ilipunguza muda wa kudai kutoka miaka sita hadi mitatu, papo hapo, bila kuwapa watu muda wa kujipanga. Kampuni ya Marks & Spencer ilikuwa imetozwa VAT kwa keki ambazo hazikupaswa kutozwa, tangu 1973 mpaka 1994, ikaenda kortini, na mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema serikali inaweza kuweka kikomo cha muda lakini haiwezi kumkata mtu ghafla bila kumpa nafasi ya kudai. Kesi zake ziliisha 2009. Kampuni kubwa kama ile inaweza kukaa na mawakili miaka yote hiyo. Mimi wa Kisauni wakili wa 80,000 nitamtoa wapi?

Mswada wa Fedha huletwa bungeni kila mwaka kabla ya Aprili kuisha na Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi. Mimi nitapeleka yangu kwa maandishi na naomba wenye maduka wenzangu wapeleke pia, tuombe mambo mawili tu, miezi ianze kuhesabiwa siku mnunuzi anapopata invoisi, na muda wenyewe ulingane na ile miaka mitano ambayo wao wanaweza kurudi nyuma kutudai sisi. Kwa wale ambao bado hawajachelewa, mzigo wowote uliochukua ambao hujapata invoisi yake, mfuate saplaya leo, usilipe yote kabla hajaitoa. Mimi siku hizi nabakisha kitu mkononi mpaka niione kwenye mtambo.

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Kisauni, Mombasa